Mzimu au Shushushu? Namna ya Kutafsiri "Spook" na Wenzake Kwenye Filamu

Wanaoanza kuandika tafsiri za chini ya filamu wanarudi na swali lilelile: mhusika amesema "spook", kamusi imesema mzimu, nimeandika mzimu, na mteja amerudisha kazi. Kosa ni nini? Kosa ni kwamba aliyetajwa hakuwa amekufa. Alikuwa mwajiriwa wa serikali, mwenye mshahara na likizo ya mwaka, na kazi yake ni kupeleleza.

Historia yake ni fupi. "Spook" ni neno la Kiholanzi lililoingia katika Kiingereza cha Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, likiwa na maana ya mzimu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia 1942 hivi, likaanza kutumika pia kwa jasusi, maana wote wawili wapo na hawaonekani. Kiswahili hakikuwahi kuwaweka hawa wawili chungu kimoja. Tuna ghala la wafu na ghala la wapelelezi, na kila moja limejaa. Kwa hiyo kazi yako ni kujua uende ghala lipi, kisha uchukue neno gani humo.

Mwongozo huu ni wa filamu na tamthilia, lakini anayetafsiri riwaya au habari za magazeti ataufuata vilevile, akiruka tu hatua ya kuhesabu herufi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Filamu yenyewe, si maandishi yake peke yake. Bila kuona uso wa anayesema, nusu ya hatua hizi haziwezekani.
- Mwaka ambao filamu imetengenezwa na nchi ya wahusika. Neno lilelile la 1950 Marekani na la 2010 Uingereza linaweza kuwa vitu viwili.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza inayoweka alama kwenye maneno ya mtaani, ya kizamani na ya matusi. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili peke yake haitoshi, na ndiyo inayowaponza wengi.
- Kamusi ya Kiswahili ya TATAKI au ya BAKITA, hasa kwa ajili ya ngeli.
- Programu ya kuandikia. Subtitle Edit ni ya bure na inakuhesabia herufi kwa kila sekunde.
- Jedwali lenye safu tano: dakika, neno la Kiingereza, nani anasema, anamwambia nani, anamzungumzia nani. Safu ya sita, ya tafsiri, iache wazi kwanza.
- Msomaji mmoja kutoka upande wa watazamaji wako. Kazi ya Nairobi isomwe na mtu wa Nairobi.

Hatua ya 1: Pitia filamu nzima bila kutafsiri neno

Weka alama kila linapotokea "spook", "ghost", "mole", "asset", "agent", "legend", "bug" na jamaa zake, ukijaza safu tano za jedwali. Usitafsiri bado. Anayetafsiri huku akitazama kwa mara ya kwanza ataandika mzimu dakika ya 8, agundue dakika ya 40 kuwa ni mtu wa CIA, kisha asahau kurudi nyuma kurekebisha. Mtazamaji ataona mzimu ukipewa pasipoti.

Hatua ya 2: Uliza kama aliyetajwa yu hai

Kila neno kwenye jedwali, jiulize: ni mfu, ni hai, au si mtu kabisa? Dalili ni hizi.

- Likifuatana na jina la mahali au ofisi, kama Langley (makao makuu ya CIA, Virginia) au Vauxhall Cross (makao makuu ya MI6, majasusi wa Uingereza, London), ni jasusi.
- Likitajwa pamoja na nyumba, kaburi, ngazi zinazolia usiku au mtoto anayeogopa kulala, ni mzimu.
- Likiwa kitenzi, "spooked" au "got spooked", hakuna mzimu wala jasusi. Ni kushtuka au kuingiwa na kiwewe. Farasi kashtuka. Wawekezaji wameingiwa na kiwewe. Mshukiwa kashtukia mtego.
- Likiwa "spooky", ni hali: ya kutisha, inasisimua mwili, nywele zinasimama.

Onyo kubwa: lipo jibu la nne. Nchini Marekani "spook" ni tusi la kumdharau mtu mweusi, na lilikuwa mdomoni mwa watu tangu enzi za vita hivyohivyo vya pili. Marubani weusi waliofunzwa Tuskegee waliligeuza wakajiita "Spookwaffe", wakicheza na Luftwaffe, jina la jeshi la anga la Wajerumani. Mfululizo wa majasusi wa BBC ulioitwa Spooks, uliorushwa kuanzia 2002 hadi 2011, ulipopelekwa Marekani ulibadilishwa jina ukawa MI-5, yaani idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, na sababu inayotajwa ni hilo tusi. Kwa hiyo filamu ya Marekani, mzungu anamwambia mweusi au anamsema mweusi, simama hapo. Ukiandika mzimu umemficha mtukanaji. Kiswahili kina njia yake ya kudharau, nayo ni ngeli: mtu akishushwa kuwa "kijitu" na sentensi yote ikafuata ki-, mtazamaji anaisikia sumu bila kuelezwa. "Kijitu hiki kinataka nini hapa?" inatosha. Usiongeze ukali ambao mwandishi wa filamu hakuuweka.

Hatua ya 3: Kama ni mfu, chagua mfu wa aina gani

Hapa ndipo Kiswahili kina utajiri unaomchanganya anayeanza. Kiingereza kinatosheka na "ghost" kwa mambo ambayo sisi tunayatenga.

*Mzimu* ni roho ya aliyekufa, na kwa kawaida ana uhusiano na mahali au ukoo. Ndilo chaguo salama kwa "ghost" wa hadithi za Kizungu: bibi aliyefia ghorofani na bado anatembea humo.

*Mzuka* ni kile kinachozuka ghafla mbele yako na kutoweka. Kwa mandhari ya barabara ya usiku, gari, na mwanamke mwenye nguo nyeupe, ndilo neno lake. Lakini angalia hadhira. Kwa kijana wa Dar es Salaam, mzuka ni msisimko: muziki umempandisha mzuka, timu imeingia na mzuka. Ukiandika "nimepandwa na mzuka" kwa mtu aliyeona maiti ikitembea, ukumbi utacheka.

*Kizuka* kiko karibu sana na mzuka, lakini pwani kizuka ni pia mjane aliye ndani ya eda. Watazamaji wazee wa Zanzibar na Mombasa watawaza mkeka na shuka nyeupe kabla ya kuwaza jambo la kutisha. Liache, labda hadithi iwe ya pwani hasa.

*Pepo* na *jini* si wafu. Hawa hawakuwahi kuwa binadamu. "Ghost" wa marehemu baba ukimwita jini, umebadilisha hadithi nzima na pengine umemtukana marehemu. Mahali pao ni pale filamu inapozungumzia kiumbe kinachoingia ndani ya mtu (pepo: kapandwa na pepo) au kinachofanya fujo ndani ya nyumba. Kwa "poltergeist", neno la Kijerumani la roho mpiga kelele, hakuna haja ya kubuni. Habari za nyumba inayorushiwa mawe na vyombo na majini kila msomaji wa magazeti yetu anazijua.

*Kivuli* ni laini zaidi, kinafaa pale filamu isipotaka kusema wazi kama kilichoonekana ni mzimu au ni macho tu. Litunze neno hili, tutalihitaji hatua ya 7.

*Zimwi* ni la "bogeyman", yule wa kutishia watoto. Msikilize vizuri anayesema: "bogey" kwenye filamu ya marubani ni ndege isiyotambulika, na kwenye gofu ni pigo moja zaidi ya yaliyopangwa kwa shimo. Rubani akisema ana "bogey" upande wa kaskazini, hajaona zimwi.

Utakutana pia na maneno ya mikoani. "Haint" ni la kusini mwa Marekani. Huko Georgia na South Carolina watu hupaka dari la baraza rangi ya samawati hafifu ili kuizuia mizimu hiyo. "Duppy" ni la Jamaika. Yote mawili ni mzimu tu, usihangaike kutafuta lafudhi yake kwa Kiswahili.

Ngeli: kamusi huweka mzimu na mzuka kwenye u-/i-, yaani mzimu umetokea, mizimu imetokea. Mzimu ukiwa mhusika mwenye jina, anayeongea na kudai haki yake, wengi wetu tunamhamishia kwenye a-/wa-: mzimu amekasirika. Amua mara moja mwanzoni, ushikilie hadi mwisho. Na pepo akiwa kiumbe ni "pepo huyu". Ukiandika "pepo hii" umempeleka mtazamaji kwenye bustani za akhera.

Hatua ya 4: Kama yu hai, jua cheo chake na nani anamtaja

Neno la mtaani litafsiriwe kwa neno la mtaani. "Spook" si neno la barua rasmi. Ni la baa, la gazeti, la polisi anayewachukia wa ofisi ya pili. Kwa Tanzania, mwenzake halisi ni *shushushu*: linasemwa chini chini, lina woga kidogo na kejeli kidogo, kama la Kiingereza lilivyo. Wingi ni mashushushu, kazi yao ni ushushushu. Viwakilishi vyake ni vya watu: mashushushu hawa wamekuja. "Mashushushu haya yamekuja" ni dharau. Iandike tu kama anayesema anadharau.

*Jasusi* ni neno la pande zote, lakini halina uzito uleule kila nchi. Tanzania, jasusi kwa kawaida ni wa adui. Wa kwetu ni mtu wa usalama, kwa kuwa ofisi yenyewe inaitwa Idara ya Usalama wa Taifa. Kenya, magazeti huandika ujasusi hata kwa idara ya serikali yao wenyewe. Basi Mwingereza wa MI6 akiwasema wenzake kwa fahari, mtazamaji wa Dodoma atashangaa kwa nini anajiita jasusi. Mwandikie "mtu wa usalama" au "sisi wa idara".

*Mpelelezi* na *kachero* ni wa polisi, wanaotafuta mwizi na muuaji. Mpelelezi anaweza kupanda hadi ujasusi, kachero hapandi. Kwa filamu za zamani za kofia na makoti marefu lipo *askari kanzu*, neno la askari asiyevaa sare. Lina harufu ya miaka hiyohiyo na kwa kazi hiyo ni tamu kuliko yote.

Sasa wale wenzake wanaotega watu.

- "Mole": si fuko. Fuko kwa Kiswahili ni mnyama achimbaye chini, au mfuko mkubwa. Andika *pandikizi*, neno ambalo siasa zetu zimelizoesha watu: mtu wa kule aliyepandwa huku. Ila usiandike "pandikizi la mtu", maana hilo ni jitu la miraba minne.
- "Agent": usiandike wakala. Wakala ni yule wa kibanda cha M-Pesa, au taasisi ya serikali. Na kuna mtego wa ndani zaidi. Katika FBI, "agent" ni mwajiriwa mwenye kitambulisho. Katika CIA, mwajiriwa ni "officer", na "agent" ni mtu wa nje, mara nyingi raia wa nchi inayochunguzwa, aliyeshawishiwa kutoa siri. Wa kwanza ni ofisa wa FBI. Wa pili ni *mtoa siri*, au "mtu wetu" kama wanaongea wenyewe kwa wenyewe.
- "Asset": si mali. Ni huyohuyo mtu wetu.
- "Handler": ni ofisa anayemsimamia. "Bosi wake" inapotosha, maana mtoa siri si mwajiriwa. "Anayemwendesha" inapita vizuri.
- "Legend": si gwiji wala ngano. Ni maisha ya kubuni aliyopewa jasusi: jina, shule, marehemu mama. "Historia ya kughushi" inatosha.
- "Cover": *kivuli* au *mwavuli*. Yuko kwa kivuli cha biashara ya kahawa.
- "Illegals": si wahamiaji haramu. Ni majasusi wasio na kinga ya ubalozi, wanaoishi kama raia wa kawaida kwa miaka. FBI iliwakamata 10 wa Urusi Juni 2010, na operesheni hiyo iliitwa Ghost Stories. Huko mizimu na majasusi wamekutana tena, safari hii kwenye jalada la serikali. Tafsiri: "majasusi wa kificho".
- "Bug": si mdudu. Ni kinasa sauti.
- "Dead drop": hakuna aliyekufa wala kilichoanguka. Ni maficho ya kuachiana mzigo bila kuonana.
- "Tail": si mkia. Anafuatwa, kawekewa mtu nyuma.
- "Burned": hakuungua. Kajulikana, kaumbuka.
- "Grass", "nark", "rat", "snitch": mchongezi. Kitenzi ni kumchongea mtu, na mtaani kumchomea. "Grass" ni ya Uingereza. Aliyeandika nyasi hayuko peke yake.

Kuhusu kuitana: "sir" la mkubwa wa ujasusi halitoki vizuri ukiliandika "afande". Afande ni wa jeshi na polisi wenye sare. Mkubwa wa idara ya siri huitwa "mkuu", na wakizoeana, "mzee".

Hatua ya 5: Tenga "ghost" ya karatasini na "ghost" ya mwilini

Hili linawaangusha hata wazoefu, kwa sababu Kiswahili kilipata neno zuri mno la upande mmoja na watu wakalipeleka kila mahali. Neno hilo ni *hewa*. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipoanza kusafisha orodha za mishahara, watumishi hewa walioondolewa walizidi 10,000, na tangu hapo hakuna asiyelijua. Mtumishi hewa yupo kwenye karatasi, mwili haupo. Kwa hiyo "ghost worker" ni mtumishi hewa, "ghost soldier" ni askari hewa, mwanafunzi, mpiga kura na kampuni vivyo hivyo.

Lakini filamu za ujasusi zina "ghost" wa kinyume chake: mwili upo, karatasi haipo. Ripoti ya jeshi la Marekani ya 2004 kuhusu gereza la Abu Ghraib, Iraki, ilizungumzia "ghost detainees", wafungwa walioletwa pale na kuwekwa ndani bila kuandikishwa. Ukiandika "wafungwa hewa" umesema hawakuwepo, yaani umewafuta mara ya pili. Andika "wafungwa wasioandikishwa". Vilevile "ghost gun" ni bunduki isiyo na namba, risasi zake ni za kweli kabisa. Na jasusi akisemwa "he's a ghost", maana yake hana rekodi popote: "Huyu hayumo popote", au "hana alama".

Kipimo ni swali moja: kama ningeenda pale kwa miguu, ningemkuta? Usipomkuta, hewa. Ukimkuta, tafuta neno jingine.

Hatua ya 6: Misemo, usiitafsiri neno kwa neno

Hii iwe karibu na kibodi:

- "Gave up the ghost": kakata roho. Biblia ya Kiswahili ilishalimaliza, na hata gari bovu linakata roho.
- "Holy Ghost": Roho Mtakatifu, bila kufikiri mara mbili.
- "Ghost town": *mahame*. Neno lipo, ni letu, na waandishi wengi wamelisahau wakabuni "mji wa mizimu".
- "He ghosted me": kanichunia, kaingia mitini. La pili linaeleweka pande zote mbili za mpaka.
- "Ghostwriter": mwandishi wa nyuma ya pazia.
- "Not a ghost of a chance": hana nafasi hata chembe.
- "You look like you've seen a ghost": mbona umeduwaa hivyo? Kama mzimu umo kweli kwenye filamu, basi "kama aliyeona mzimu" inakubalika.
- "Spooky action at a distance": Einstein alilisema kwa Kijerumani katika barua ya 1947, akilalamikia fizikia ya kwanta. "Athari ya kimazingaombwe kutoka mbali" inabeba kejeli yake.

Hatua ya 7: Pale mwandishi anapocheza na maana zote mbili

Hutaweza kuokoa kila mzaha, lakini jaribu. Chukua mfano huu wa kutunga. Mwanamke anamshuku mwanamume anayejitokeza kila mahali:

"Are you a spook?"
"Do I look dead to you?"

Jaribio la kwanza: "Wewe ni mzimu?" "Naonekana nimekufa?" Jasusi kapotea, mtazamaji sasa anangoja filamu ya kutisha.

Jaribio la pili: "Wewe ni shushushu?" "Kwani naonekana nimekufa?" Jibu halina kichwa wala miguu.

Sasa achana na neno, shika kinachochezewa: mtu anayetokea na kupotea. Nasi tunaye kiumbe wa namna hiyo, na kila aliyekulia pwani anajua unavyomtambua.

"Unatokea unapotea. Wewe nani?"
"Nitazame miguu. Ina kwato?"

Jini ana kwato, jasusi hana, na swali halijajibiwa, jambo ambalo ndilo jasusi anataka. Kwa hadhira ya bara isiyo na habari za kwato, kivuli kinafanya kazi: "Wewe mtu au kivuli?" "Kivuli kinalipa kodi?" Kivuli ni mzimu, ni maficho ya jasusi pia, kwa hiyo maana mbili zinarudi bila kulazimishwa. Usitumie hila hii zaidi ya mara mbili katika filamu moja, itachakaa.

Hatua ya 8: Hesabu herufi

Kawaida ya kazi hii ni herufi 42 kwa mstari, mistari isiyozidi miwili, na kwa mtu mzima herufi 17 hivi kwa sekunde. Kiswahili kinanenepa. "We've got a spook on us." ni herufi 24 pamoja na nafasi. Tuseme mstari unakaa sekunde moja na nusu: una herufi 25 tu. "Kuna mtu wa usalama wa taifa anatufuata." ni 40, haisomeki. "Kuna shushushu nyuma." ni 21, na inasikika kama mtu aliyeogopa kweli. Neno la mtaani limekupa lafudhi na nafasi kwa pamoja. Ukikwama bado, ondoa kiwakilishi kabla ya kuondoa kitenzi.

Hatua ya 9: Soma kwa sauti, kisha mpe mwenzako

Msomaji wako asione Kiingereza. Mwambie akutajie kila mahali aliposita. Aliposita mara mbili, rudi hatua ya 2.

Mambo yakienda vibaya

*Watazamaji wanacheka mahali pa kutisha.* Tafuta "mzuka" kwanza, kisha "mdudu" na "nyasi". Kwa kawaida ni mojawapo ya hayo.

*Wa Nairobi hawaelewi shushushu.* Linatokea. Weka jasusi, na ulipe ule umtaani kwingine kwenye sentensi, kwa kitenzi: "jasusi katuganda".

*Mteja anataka neno moja la Kiswahili kwa kila "spook", ili orodha yake ya istilahi iwe safi.* Mpe jedwali lako na safu ya "anamzungumzia nani". Akishikilia, mwombe akubali mistari miwili kwenye orodha yake, wafu na walio hai. Zaidi ya hapo ni kupoteza muda.

*Mhusika mmoja ameitwa jasusi, mpelelezi na kachero ndani ya dakika kumi.* Hukujaza jedwali, au mlikuwa watafsiri wawili. Panga jedwali kwa safu ya "anamzungumzia nani" na usawazishe. Isipokuwa wanaomtaja ni tofauti: mke wake anaweza kusema mtu wa usalama, adui yake akasema jasusi, na hapo hakuna kosa.

*Filamu ya Boston imejaa majini.* Umezidisha hatua ya 3. Rudisha wafu wote kuwa mizimu, na ubakize pepo pale tu mtu anapopandwa.

*Neno limetokea kwenye jina la filamu.* Usilitafsiri ndani ya maandishi ya chini. Jina libaki kama lilivyo. Kama msambazaji anataka jina la Kiswahili la kwenye bango, hiyo ni kazi nyingine na malipo mengine.

*Hujui hata baada ya kutazama mara tatu kama aliyetajwa ni mfu au ni jasusi.* Inawezekana mwandishi naye hataki ujue hadi mwisho. Andika kivuli, endelea, na urudi ukishaona dakika ya mwisho.